Mwaka Mzima wa Kusafiri Bila Msiba Wala Harusi

Asanteni, asanteni, kaeni jamani, na wale wa nyuma sogeeni viti viko huku mbele. Nimeambiwa niongelee safari zangu za mwaka uliopita, yani kuanzia Agosti 2024 mpaka katikati ya 2025, na nilikuwa na picha ila projekta imegoma kwa hiyo mtanivumilia, nitaongea tu.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Sisi Watanzania tunasafiri sana, nenda stendi ya mabasi ya Mbezi Luis alfajiri yoyote uone ule umati, ila hebu muulize kila mtu pale anaenda wapi na kufanya nini, utasikia msiba, harusi, kipaimara, semina, kuuguza, kufuata mzigo, uhamisho wa kazi, na ikifika Desemba Wachaga wote wanapanda Moshi mpaka siti ya basi inakuwa dili. Safari lazima iwe na jambo. Mtu anayeenda Kigoma kwa sababu tu hajawahi kufika Kigoma, huyo watu wanamwangalia mara mbili. Na akiwa mwanamke, peke yake, hana ndoa ya kueleweka, basi mara tatu.

Mi ndo nilikuwa huyo mtu. Na nilijiwekea sharti kwamba sifikii kwa ndugu. Mama alikasirika sana na hilo, maana kila mkoa kuna mtoto wa shangazi wa nani sijui, na kufikia lodge wakati una ndugu mjini ni tusi, najua. Ila mnajua ukifikia kwa ndugu unaona nini? Unaona sebule. Unapokelewa stendi, unapelekwa nyumbani, unapikiwa wali, unaonyeshwa albamu ya harusi, jioni tivii, kesho unasalimia ukoo, keshokutwa unasindikizwa stendi na kuku wa zawadi. Umefika Songea hujaiona Songea. Nawapenda ndugu zangu lakini sebule zote zinafanana, hata kochi ni lile lile.

Sasa nianze na reli. Nilipanda ile SGR, treni ya reli mpya ya kisasa, kutoka Dar, ilikuwa bado ina harufu ya upya maana abiria walianza kwenda Morogoro mwezi wa sita 2024 na Dodoma mwishoni mwa wa saba. Treni ya umeme, spidi mia na sitini, kiyoyozi, hujamaliza hata stori na jirani yako mmefika Dodoma. Sina la kusema zaidi kuhusu hiyo, ni nzuri, pandeni. Mi stori yangu inaanza Dodoma nilipohamia kwenye treni ya zamani, hii ya reli ya Mjerumani, ambayo ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na wenyeji mpaka leo wanasema Kigoma mwisho wa reli.

Nilikaa na mzee mmoja anarudi kwao Tabora. Tumepita Bahi, tumepita Kintinku, kimya tu, yeye na koti lake mi na dirisha langu. Tukafika Saranda. Kama hujapita Saranda, pale kuku ndo mpango mzima, treni haijasimama vizuri akina mama wameshafika dirishani na masinia kichwani, mkono mmoja umeshika sinia mwingine unapokea hela, na wewe uko juu wao wako chini kwa hiyo kuku anapandishwa kwa mkono na chenji inarushwa, na ikipiga honi usiangalie tena chenji. Nikachukua robo kuku na chumvi yenye pilipili kwenye kipande cha gazeti. Yule mzee ndo akaniuliza, mwanangu wewe mtu wa wapi. Nikamwambia Kisarawe. Mzaramo? Mzaramo. Akanyoosha mkono akachukua paja la kuku wangu akaanza kula, hajaomba, hata hajanitazama.

Wale mnaojua mmeshaanza kucheka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani huo si wa jana, ni wa toka enzi za misafara, Wanyamwezi wanatoka bara na pembe za ndovu mabegani wanashuka pwani Bagamoyo, wanapita kwenye vijiji vya Wazaramo, na watu wanaopitiana hivyo kila mwaka ama mpigane ama mtaniane. Sasa reli yenyewe kwa sehemu kubwa inafuata ile ile njia ya misafara, pwani mpaka Tabora mpaka Ujiji. Kwa hiyo mzee akala paja langu kihalali kabisa. Akaniambia, Mzaramo na safari wapi na wapi, nyinyi si kazi yenu kupiga ngoma usiku na kulala mchana? Nikamwambia angalau sisi mabega yetu yamenyooka, nyie mmebeba mizigo ya watu mpaka mgongo umesahau kusimama. Behewa zima likacheka, na kuanzia hapo mpaka Tabora sikununua chai. Nikaonja asali, nikapewa karanga, mama mmoja akanipa mtoto wake nimshike aende chooni, yani nilikuwa wa kwao. Na nilikuwa sina ndugu hata mmoja ndani ya treni ile. Mzee aliposhuka Tabora akanigeukia akasema ukifa huko Kigoma tutakuja kuzuia jeneza mpaka watulipe. Hiyo kwa mtani ndo kwaheri nzuri kuliko zote.

Kigoma sasa. Ziwa Tanganyika mnalisikia tu, ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470 huko chini, ila ukisimama ufukweni unachoona ni milima ya Kongo upande wa pili na maji ya buluu, unajisikia uko baharini mpaka uonje, hakuna chumvi. Nilitaka kuiona Liemba. Meli ile imeundwa Ujerumani kule Papenburg, 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa kwa maboksi mpaka ziwani, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 Waingereza wasiipate, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi tena na jina jipya. Nilipofika ilikuwa kwenye matengenezo, haisafiri, nikaridhika kusikia stori zake kwa watu wa bandarini ambao kila mmoja ana babu aliyewahi kuipanda.

Ila kilichonichekesha Kigoma ni lodge. Mnajua kile kitabu cha wageni cha gesti zetu? Kile kikubwa kimechorwa mistari kwa rula. Jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Mi kila nikikiona naanza kusoma waliotangulia, tabia mbaya najua. Pale juu yangu kulikuwa na mfanyabiashara, mfanyabiashara, mwalimu, dereva, mfanyabiashara, na bwana mmoja kwenye kazi ameandika "binafsi". Nikaandika mhasibu, kwa sababu ndo kazi yangu. Yule binti wa mapokezi akasoma, akaniangalia, akasema dada, umekuja kufuata mawese au dagaa? Nikasema sijafuata kitu, nimekuja kutembea. Akasema sawa. Asubuhi yake amemleta mama yake mdogo anauza mawese, na bei nzuri, kwa sababu alishaamua kwamba mi ni mfanyabiashara ninayeficha mtaji.

Na hapo ndo nikagundua jambo ambalo liliendelea mwaka mzima. Watu hawakuachi bila sababu. Usipokuwa nayo wanakutafutia, na kila mji una sababu yake. Kigoma nilikuwa mfanyabiashara. Bukoba, nilienda msimu wa senene mwezi wa kumi na moja, nikapanda MV Victoria kutoka Mwanza, meli inakwenda usiku kucha, kule wakaamua kwamba nimekuja kwa mwanaume. Mama niliyekuwa nakaa naye kibarazani, anachambua senene, unang'oa mbawa unang'oa miguu, vidole vinaenda haraka kuliko macho, aliniambia kwa upole kabisa, mwanangu, kama hajaja kukupokea mpaka leo huyo hana nia. Nikamwambia mama hakuna mtu. Akasema ndiyo, wote huwa tunasema hivyo. Akanipa senene wa kukaanga na kahawa ya kutafuna nijipoze moyo. Nilikula kwa huzuni ya mwanaume ambaye hayupo, na senene watamu kweli.

Kilwa wakaniambia utafiti. Huko nilienda Desemba, na hii naomba muishike, wakati dunia nzima inapigania siti za kaskazini, mi nimeenda Mbagala Rangi Tatu nimekata tiketi ya kusini nimechagua dirisha, basi lina siti mpaka za kuwekea begi. Barabara hiyo Mei ya mwaka ule ilikatika sehemu kadhaa kwa mvua na kile kimbunga Hidaya, kwa hiyo konda alikuwa anatuonyesha hapa palikatika, hapa palikatika, kama vile yeye ndo aliyepaunga. Unashuka Nangurukuru, unapanda gari dogo mpaka Kilwa Masoko, halafu boti kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Nahodha akaniuliza chuo gani. Nikasema sisomi. Akasema basi wizarani. Na namwelewa, kwa sababu sisi wenyewe tukienda pale huwa ni kundi la wanafunzi na mwalimu au ofisa na faili, mtu mweusi mmoja na chupa ya maji na kanga ni kitu hawajazoea. Nilikaa ndani ya ule Msikiti Mkuu, zile kuba na nguzo za matumbawe, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akausifu mji mpaka leo tunamnukuu, na hakukuwa na mtu mwingine zaidi ya mbuzi. UNESCO wameuandika urithi wa dunia toka 1981. Mbagala kupo karibu kuliko Dubai jamani, basi tu.

Sasa nisiwapake mafuta, kusafiri bila mwenyeji kuna siku kunauma. Basi moja, la nani sitasema, liliharibika kati ya Kibondo na Nyakanazi, wametuambia dakika ishirini, tukakaa mpaka jua limezama, dreva na utingo wake wako chini ya gari na tochi ya simu, na wanaume wote wamekuwa mafundi ghafla. Wenye ndugu walipiga simu wakafuatwa na bodaboda. Sisi tusio na mtu tukabaki. Ukifika mji usioujua saa sita za usiku, na toka 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kwa hiyo hilo linatokea sana, mji mzima unakuwa ni bodaboda wawili na taa moja, na hapo yule mtoto wa shangazi uliyemkimbia unamkumbuka kwa jina na ubini. Toka siku ile nikaamua nafika popote kabla ya magharibi, na kama basi linafika usiku sipandi hilo, napanda la alfajiri. Dada zangu mnaotaka kuanza, hilo ndo la kwanza, mengine yote, sijui begi gani sijui viatu gani, ni mbwembwe. La pili kagua kitasa cha chumba kabla hujalipa. Na kwenye basi wakisimama kuchimba dawa shuka hata kama hujabanwa, maana kinachofuata hakijulikani.

Njia hiyo hiyo ya Kigoma Mwanza niliipita tena mwaka uliofuata. Mara ya kwanza tulivuka na kivuko pale Busisi, mnashuka wote kwenye basi mnaingia kwa miguu, mahindi, samaki wa kukaanga, foleni ya malori, mtu unavuka umeshanunua vitu ambavyo hukuvipanga. Mara ya pili ilikuwa baada ya Juni 2025, daraja la Kigongo Busisi limeshafunguliwa, kilomita tatu hivi juu ya Ziwa Victoria, basi halikusimama hata kidogo, nilitaka kuwahi kutoa simu nipige picha tukawa tumeshavuka. Kuna watu hapa wanapenda kusema aah zamani kulikuwa na raha yake. Waulizeni waliovusha mgonjwa wa Sengerema usiku kwa kusubiri kivuko. Ila ni kweli wale mama wa mahindi niliwafikiria, sijui wamehamia wapi, na nilikuwa na njaa.

Mwisho hela, maana najua ndo swali la kwanza. Baba mdogo wangu alisema kwenye kikao cha harusi, mbele za watu, kwamba hela ya kuzurura ipo ila ya mchango haipo. Mi nilitoa mchango, nilichopunguza ni kiwango, nikachukua kadi ya singo badala ya dabo. Mimi mhasibu, nikakaa nikapiga hesabu, dabo moja ya harusi ya Dar inakupeleka Kigoma kwa treni daraja la tatu na kukurudisha na kuku wa Saranda juu. Sisemi msichangie, nani atakuzika. Nasema piga hesabu.

Mwezi ujao naenda Mpanda, ile reli inayochepuka pale Kaliua, sijawahi. Na kabla hamjaanza, najua humu ndani kuna mtu ana shemeji Mpanda, namba yake kaa nayo mpaka nirudi. Haya, maswali.