Kabla Hujashusha Injini: Mazungumzo na Wanafunzi wa Ufundi Magari, Njombe

Habari za asubuhi vijana. Naona wengine mmejikunyata, na mimi mwenyewe nimevaa fulana mbili ndani ya hili ovaroli. Njombe mwezi wa saba ndivyo ilivyo. Na asubuhi za namna hii ndizo zinazoziumbua pikapu za dizeli zilizochoka, kwa hiyo mwalimu wenu aliponiita nilimwambia tusihangaike kutafuta mada, mada iko nje imeegeshwa.

Nitazungumzia Hilux ya zamani yenye injini ya 3L. Silinda nne, lita 2.8, haina tabo (turbo) ya kusukuma hewa, haina kompyuta. Ndugu zake ni 2L ya lita 2.4 na 5L ya lita 3. Ukiielewa moja umezielewa zote. Haina plagi za kuchoma moto kama gari la petroli; inabana hewa mara 22 hivi mpaka hewa yenyewe inakuwa moto wa kuwasha dizeli. Basi ikigoma kuwaka una maswali matatu tu: dizeli inafika? Hewa inabanwa vya kutosha? Na asubuhi ya baridi, plagi za hita, zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha, zinapasha?

Sasa niwaambie kisa. Mwaka juzi mzee mmoja mkulima wa viazi aliniletea Hilux yake ikiwa imevutwa kwa kamba. Alikuwa ameshapita gereji tatu. Ya kwanza ilimbadilishia nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Ya pili ilipeleka pampu ya dizeli mjini kupimwa. Ya tatu ilimwambia injini imekwisha, ishushwe, ringi mpya za pistoni na hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikachongwe. Mzee alikuwa ameuza ng'ombe. Gari likishawaka linakwenda vizuri, lina nguvu, halitoi moshi wa ajabu. Asubuhi tu ndiyo shida: unapiga stata mpaka betri inalia.

Kilichonisaidia hakikutoka kwenye boksi la spana. Mke wa mzee alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri, nikamuuliza, "Mama, linasumbua kila asubuhi?"

"Si kila asubuhi, baba. Tukilala kwa dada yangu kule bondeni linawaka lenyewe."

"Kwa dada yako mnaliegesha vipi?"

"Pale pana mteremko. Tunaliegesha linaangalia chini, ili likigoma tulisukume. Lakini kule hatujawahi kulisukuma."

Hebu fikirini hapo kidogo. Tangi la Hilux liko nyuma. Gari likiangalia chini, tangi linakuwa juu ya injini, dizeli inabaki kwenye mpira mpaka asubuhi. Likiegeshwa sawa au likiangalia juu, dizeli inarudi tangini usiku kama kuna mahali panapoingiza upepo. Injini iliyokwisha ringi haijali imeangalia wapi. Yule mama alikuwa amemaliza kazi yangu nusu.

Nusu iliyobaki nikaifanya kesho yake alfajiri, gari likiwa baridi. Mmewaona mafundi ujenzi na ule mpira mweupe unaoonyesha maji ndani, wa kupimia levo? Nilikata kipande cha urefu wa kiganja nikakifunga kati ya filta ya dizeli na pampu. Mzee akapiga stata. Mwanzoni bomba la moshi halikutoa kitu, kavu kabisa. Kwenye mpira zikaanza kupita povu, kubwa kubwa, kama soda. Halafu dizeli ikafika, bomba likatoa moshi mweupe, injini ikashika.

Zingatieni hapo kwenye bomba la moshi, maana ndipo fundi mvivu anapokosea. Unapopiga stata na hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda, acha kufikiria ringi. Ukiona moshi mweupe unanuka dizeli mbichi na injini haishiki, dizeli inafika ila haiungui: angalia plagi za hita, mgandamizo, au taimingi ya pampu, yaani wakati inapopeleka dizeli. Ni jambo la dakika moja na halihitaji kufungua nati hata moja.

Kwa mzee, nilichukua dumu la lita tano la dizeli safi nikaliweka juu ya bodi, nikaunganisha mpira wake kwenye njia ya kuingilia filta. Povu likakatika. Maana yake filta na pampu ni wazima, ubovu uko kati ya filta na tangi. Nikafuata njia kwa mkono. Chini ya klipu moja karibu na chesesi, mpira umekauka na umepasuka ufa wa kama ukucha. Hakuna tone la dizeli lililokuwa limevuja chini. Haliwezi kuvuja, kwa sababu pampu ya gari hili inavuta yenyewe kutoka tangini, na upande wa kuvuta haumwagi, unanyonya upepo. Ndiyo maana gereji tatu hazikuona kitu: walikuwa wanatafuta palipolowa.

Mpira wa nusu mita na klipu mbili. Mzee alicheka halafu akakaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anamkumbuka ng'ombe.

Msidhani najisifu. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kufungua hedi ya 2L kwa kuamini gasketi imeungua, kumbe kifuniko cha rediata kimelegea springi. Nilimlipisha mteja kazi ya siku mbili. Jina lake nalikumbuka hadi leo, yeye sijui.

Plagi za hita tusizikalie sana. Kile kitaa cha njano cha springi kwenye dashibodi kuwaka si ushahidi kwamba plagi zinapasha. Fungua ule ubati unaoziunganisha zote nne, chukua balbu ya majaribio, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha kila plagi. Balbu ikiwaka, plagi ina njia. Isipowaka imekufa. Ukikuta mbili zimekufa Njombe hapa, mteja atateseka. Akishuka Mbeya mpaka Kyela kwenye joto atakuambia gari limepona.

Injini inamisi je, yaani silinda moja haifanyi kazi, inatikisika ikiwa sailensa, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta? Iache iungurume, shika spana, legeza nati ya paipu ya nozeli moja moja, robo mzunguko tu. Ukilegeza na mlio ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umempata mgonjwa. Tumia kitambaa kinene na miwani. Usiweke kidole, na usije ukasogeza mkono mbele ya nozeli iliyotolewa inapopulizwa. Dizeli ya shinikizo lile inapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo huku mkono unaoza kwa ndani. Ikitokea, ni hospitali muda huohuo, usisubiri uvimbe.

Halafu pampu. Pampu hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita. Dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa ni kama kuiendesha kavu. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010 na hali ikawa afadhali kuliko tulikotoka, lakini dizeli ya kwenye chupa barabarani haina mtu wa kuipima. Mteja akikuambia pampu yake ya tatu hii, muulize anaponunua mafuta. Na maji: chini ya filta kuna kifungulio cha kukimbiza maji. Wangapi hapa wameshawahi kukifungua? (Mikono miwili inanyooka.) Sawa, leo mtakifungua wote.

Kuchemsha. Hapa nitawaudhi baadhi yenu, kwa sababu nasikia hata mafundi wakubwa wanawafundisha kutoa thermostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rediata mpaka injini ipate moto. "Itoe, gari lipoe." Sikubaliani kabisa. Kwanza, kwa baridi hii injini isiyo na thermostati haifikii joto lake, inakula dizeli, inatoa moshi, oili inachafuka haraka. Pili, kuna thermostati zenye kisahani cha chini ambacho injini ikipata moto kinaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rediata. Anayepanda Kitonga na mzigo ndiye atakayekulipa kwa matusi. Thermostati ikiharibika inanunuliwa nyingine. Ichemsheni kwenye sufuria na maji muone inafunguka. Ni kazi isiyofika hata dakika kumi.

Kabla ya kuhukumu hedi, tazama feni. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama ya chumbani, ile klachi yake imekwisha na upepo haupiti kwenye rediata. Tazama mapezi ya rediata yamejaa udongo na mabawa ya wadudu. Tazama rangi ya maji: ya kahawia kama chai ni kutu, watu wanajaza maji ya kisima mwaka hadi mwaka. Ukiyamaliza hayo na bado povu linapanda kwenye rediata mara tu injini ikiwaka ikiwa baridi, hapo sasa hedi au gasketi inashukiwa, pima mgandamizo. Silinda ikisoma chini ya kilo 20 kwa sentimita ya mraba, au ikipishana na wenzake kwa zaidi ya kilo 5, ndipo nami nitatafuta mnyororo wa kunyanyulia injini.

Mkanda wa taimingi: kila kilomita 100,000. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, hiyo ndiyo kazi yake. Watu wanaiziba kwa solotepu. Mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni, na hapo hakuna maongezi. Gari la mtumba, usiamini kilomita zinazosomeka, badilisha.

Kuna swali? … Ndiyo, dada. Anauliza kwa nini pikapu za hapa zinatoa moshi mweusi kuliko za Dar hata zikiwa nzima. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, pampu inapeleka dizeli ileile. Dizeli inazidi hewa, inatoka masizi. Safisha kwanza filta ya hewa, usikimbilie skrubu ya pampu ya kupunguzia dizeli.

Haya, ile nyeupe pale nje ni ya kijana wa hapa jirani, imelala imeangalia mlima na amesema asubuhi hii haikuwaka. Nani amebeba mpira wa levo?