Kadi ya Grafiki ya Bei ya Kati: Hesabu Memori Kabla ya Jina

Habari za jioni, ndugu zangu. Waliosimama nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele.

Mada yetu ni kadi ya grafiki ya bei ya kati, yaani kile kipande cha kompyuta kinachochora picha. Nikisema bei ya kati nina maana ya zile zinazozinduliwa Marekani kwa dola kati ya 250 na 450, kabla hujaweka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 tunayolipa hapa Tanzania. Na ninazungumza na mtu wa aina moja hasa: anaediti video za harusi na sendofu ili apate riziki, halafu usiku kazi ikiisha anawasha gemu kwenye mashine ileile. Kwa mtu huyo kadi ni mtaji. Akinunua vibaya atakaa nayo mpaka msimu mwingine wa harusi, na wateja hawatamsubiri.

Rai yangu kwake ni kwamba ahesabu kwanza memori ya kadi, ile nafasi yake ya kushikia picha inazozifanyia kazi, kisha aangalie injini yake ya video, kisha mashine itakayoibeba. Jina na namba zilizoandikwa kwenye boksi aziache mwisho kabisa.

Nasema jina liachwe mwisho kwa sababu kampuni zenyewe zimelichanganya. Mwaka 2016 NVIDIA ilitoa GTX 1060 yenye memori ya GB 6 na nyingine yenye GB 3, na ile ya GB 3 ilipunguzwa hata viini vyake, vile vipande vidogo vya kukokotoa, kutoka 1280 hadi 1152. Mwaka 2023 ikaja RTX 4060 Ti ya GB 8 mwezi Mei kwa dola 399, na ya GB 16 mwezi Julai kwa dola 499. Aprili 2025 ikawa hivyo hivyo kwa RTX 5060 Ti: GB 8 kwa dola 379, GB 16 kwa dola 429. AMD nao Juni 2025 wakatoa RX 9060 XT kwa mtindo huohuo, dola 299 na dola 349. Sasa wewe unaingia dukani Kariakoo, unasema "nipe 5060 Ti", na muuzaji anakupa 5060 Ti. Hajakudanganya. Amekupa ulichotaja.

Tofauti hiyo ya uzinduzi ya dola 50 kati ya 5060 Ti ya GB 8 na ya GB 16 ndiyo pesa yenye faida kubwa kuliko nyingine yoyote utakayotoa kwenye mashine yako. Niwaonyeshe kwa hesabu, na mwenye simu afuate nami.

Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160. Zidisha, utapata 8,294,400. DaVinci Resolve, programu ya kuediti video, ikiichukua fremu hiyo kuifanyia kazi ya rangi, haiishughulikii kama ilivyobanwa kwenye faili. Inaifungua, na kila pikseli inapewa namba za biti 32 kwa nyekundu, kijani, bluu na uwazi. Hiyo ni baiti 16 kwa kila pikseli. Fremu moja inakula takriban MB 133. Moja tu.

Sasa mnajua kumbi zetu. Taa za zambarau na bluu, mwanga hafifu, bibi harusi anaingia saa tatu usiku na kamera imepandishwa ISO, yaani usikivu wake wa mwanga, mpaka picha imejaa chenga. Unarudi nyumbani unaweka kichujio cha kuondoa chenga, kile kinacholinganisha fremu na jirani zake. Ukikiwekea fremu tano kila upande, kadi inalazimika kushika fremu 11 kwa wakati mmoja, na hiyo ni karibu GB 1.5 kwa kichujio kimoja kwenye klipu moja. Ongeza klipu ya kamera ya pili, maandishi, rangi, Windows yenyewe na kivinjari ulichosahau kukifunga. Kadi ya GB 8 inafika ukingoni haraka, na Resolve inakuletea ule ujumbe kwamba memori ya GPU, yaani ya kadi, imejaa, kisha kurenda, yaani kutoa faili la mwisho, kunasimama. Harusi ya saa nne imesimama kwenye asilimia 70, na mama mzazi anapiga simu kuulizia video.

Anayeediti HD pekee apumue kidogo. Fremu ya HD ni robo ya 4K, kama MB 33, na GB 8 zitamtosha kwa kazi nyingi. Lakini jiulize kama wateja wako wa mwakani bado watataka HD.

Kichujio kile cha kuondoa chenga, kwa wanaotumia Resolve ya bure, hakimo. Kipo kwenye Studio, inayouzwa dola 295 na kulipiwa mara moja. Kwa mtu wa harusi za usiku, ningeiweka Studio kwenye bajeti ileile ya kadi.

Kwenye gemu memori ikijaa hakuna ujumbe unaotokea. Gemu inaanza kushikashika. Ukigeuza kamera ukutani panabaki ukungu sekunde mbili tatu ndipo mchoro wa matofali uonekane. Kinachotokea ni kwamba mzigo uliokosa nafasi umepelekwa kwenye RAM ya kompyuta, na kila unapohitajika lazima upite njia ya PCIe, ile inayounganisha kadi na bodi mama. RTX 4060 inasoma memori yake kwa kasi ya GB 272 kwa sekunde. Lakini imeunganishwa kwa njia nane tu, na ukiichomeka kwenye bodi mama ya kizazi cha PCIe 3.0, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, njia hiyo inapitisha chini kidogo ya GB 8 kwa sekunde. Ukitaka kuvuta nusu GB ya michoro, zinapita karibu milisekunde 63. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde inaipa kila fremu milisekunde 16.7. Umepoteza fremu karibu nne, na adui ameshakuona.

Wanaocheza gemu za mpira kwenye skrini ya HD hawana haja ya kuogopa. Gemu hizo ni nyepesi na GB 8 zinazimudu. Nawasemea wanaocheza gemu kubwa za dunia wazi.

Twende kwenye injini ya video, ambayo wauzaji wengi hawaijui kabisa. Ndani ya kadi kuna sehemu ndogo yenye kazi moja ya kufungua na kubana video, mbali na viini vinavyochora gemu. Kadi inaweza kuwa na kasi nzuri kwenye gemu na sehemu hiyo ikawa mbovu. Mfano ni RX 6500 XT ya Januari 2022, dola 199. AMD waliiacha bila uwezo wa kubana H.264 wala H.265, mifumo ya kubana video inayotumika sana. Ukiiweka kwenye mashine ya kuediti, prosesa inabeba kazi yote ya kutoa faili la mwisho.

Kamera nyingi za sasa, zikiwemo Sony A7 IV na Canon R6, zinaweza kurekodi biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2. Biti 10 ni ngazi 1024 kwa kila rangi badala ya 256, na 4:2:2 inahifadhi taarifa za rangi mara mbili ya 4:2:0 ya kawaida. Chini ya taa za ukumbi hiyo ni neema, maana ngozi ya mtu iliyopakwa zambarau inarudishika bila kuchanika kwenye kivuli. Tatizo ni kwamba injini za RTX 30 na RTX 40 haziwezi kufungua H.265 ya 4:2:2, wala RX 7000 za AMD. Video inacheza kwa kukwamakwama kwenye taimlaini, na watu wanatupia lawama kompyuta nzima. RTX 50 ndiyo ya kwanza kwa GeForce, kadi za gemu za NVIDIA, kuifungua. Intel wameiweza muda mrefu zaidi: kadi zao za Arc zinaifungua, na prosesa zao nyingi kuanzia kizazi cha 11 pia, mradi zina grafiki ya ndani. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia prosesa uliyonayo. Kama ni Intel ya kizazi cha 12 na haina herufi F mwishoni mwa jina, huenda dawa unayo tayari na hujaiwasha kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta.

Na kama pesa haipo, tengeneza proksi, nakala nyepesi za klipu zako. Ziache zitengenezwe usiku ukiwa umelala, uediti nazo, halafu urende kwa faili halisi. Ni bure, na kuna wanaokula vizuri mjini hapa kwa njia hiyo.

Mashine ya kuibeba. Wengi wetu tunaanza na kompyuta zilizotoka maofisini Ulaya, Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Ni imara na bei yake inafikika. Ila pawa saplai za nyingi hazifiki wati 300, na plagi zake ni za kampuni yenyewe, haziingiliani na pawa saplai za kawaida za dukani. RTX 4060 inakula wati 115, RTX 3060 wati 170, 5060 Ti wati 180, Arc B580 wati 190. Kwa 4060 NVIDIA wanashauri pawa saplai ya wati 550. Nawasihi msikubali fundi akuunganishie kadi ya wati 170 kwa waya wa adapta uliotoka kwenye plagi ya hadi diski. Waya ule unayeyuka, na chumba chako kina kapeti na mapazia.

Mwenye mashine ndogo ya ofisi anunue RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024. Inakula wati 70, inachukua umeme wote kutoka kwenye bodi mama bila waya wa ziada, na zipo fupi za kuingia kwenye kasha jembamba. Haitashinda mbio, lakini injini yake ya video ni ya kweli.

Mwenye mashine ya kisasa kidogo, nampa orodha yangu waziwazi. Kwa gemu na video pamoja, RTX 5060 Ti ya GB 16. Asiyeifikia, RTX 3060 ya GB 12, ya mwaka 2021 lakini hadi leo naiheshimu, ila asome boksi, maana ilitoka pia ya GB 8 yenye njia ya memori iliyopunguzwa kutoka biti 192 hadi 128. RX 9060 XT ya GB 16 ni nzuri sana kwa anayecheza zaidi kuliko kuediti. Na Arc B580, GB 12 kwa dola 249 ilipotoka Desemba 2024, ni kadi niipendayo kwa mwediti mwenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 10 kwenda mbele. Kwenye mashine ya nyuma ya hapo inadhoofika, kwa sababu inategemea Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja.

Kuhusu kadi za mtumba. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi, na kadi nyingi za wachimbaji zikamwagwa sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Kinachochoka mapema ni feni na pedi za joto. Hatari kubwa zaidi ni kadi zilizochakachuliwa, zilizoandikwa jina jipya kwenye BIOS ya kadi yenyewe. GTX 550 Ti ya zamani imeuzwa kama GTX 1050 Ti duniani kote. Nenda dukani na flashi yenye programu ya GPU-Z, ni ndogo na ni ya bure. Inasoma chipu yenyewe, na ikigundua udanganyifu inaandika neno FAKE mbele ya jina. Ukiona kadi inayoitwa 1050 Ti ina tundu la VGA, lile la skrini za zamani za analogi, shuku hapo hapo, kwani kizazi hicho NVIDIA waliachana na analogi. Kisha iendeshe FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, dakika 15 ukiwa umesimama palepale, ukitazama joto na kusikiliza feni. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, mshukuru, ondoka.

Maswali sasa. Ndiyo, kaka mwenye shati la bluu.

Anauliza kama laptop yenye RTX 4060 ni sawa na kompyuta ya mezani yenye RTX 4060. Si sawa, kaka. Ya laptop ina GB 8 pia, ila NVIDIA wamewaachia watengenezaji waipe umeme kati ya wati 35 na 115. Laptop mbili zenye kibandiko kilekile zinaweza kupishana sana kwa kasi, na ile nyembamba nzuri ya kubeba kwa kawaida ndiyo iliyobanwa. Wati hizo hazimo kwenye kibandiko. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, utaziona zimeandikwa kwenye mstari wa Maximum Graphics Power. Fanya hivyo dukani, kabla hujatoa pesa mfukoni.

Dada pale, karibu.