Usahihi wa Claude Debussy

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Filimbi mliyoisikia sasa hivi inaanza peke yake. Inashuka taratibu, inapanda, inashuka tena. Ndipo baragumu na kinubi vinapoingia, na mara okestra nzima inanyamaza: kipimo cha sita, yaani kipande cha sita cha mapigo ya muziki, hakina hata noti moja. Ndivyo inavyoanza Prélude à l'après-midi d'un faune, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 22 Desemba 1894, wasikilizaji wakaomba irudiwe palepale. Mtunzi wake, Claude Debussy, alikuwa na miaka 32.

Wengi husema muziki wake ni ukungu na ndoto, wakamweka kundi moja na wachoraji wa Ufaransa walioitwa waimpresionisti. Yeye jina hilo hakulipenda, na naona alikuwa na haki. Kazi hii ina vipimo 110, sawasawa na mistari ya shairi la Stéphane Mallarmé lililoizaa. Noti ile ya kwanza mpiga filimbi huipiga akiwa ameachia karibu matundu yote, ndiyo maana hutoka nyembamba, imejaa pumzi. Tarumbeta hazimo kabisa. Mtu anayepima namna hii anajua vizuri anachokitaka.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1862 Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Baba alikuwa na duka la vyombo vya kaure, mama alikuwa mshonaji. Mwaka 1871 baba alipigana upande wa Komuni ya Paris, serikali ya waasi wa mji huo, akafungwa. Katika dhiki hiyo mtoto akapata mwalimu wa piano, Bi. Mauté de Fleurville, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 10 tu, akapokelewa Conservatoire ya Paris, chuo kikuu cha muziki cha Ufaransa. Mwaka 1884 alishinda tuzo kubwa, Prix de Rome, akapelekwa kuishi Roma, wala hakuyafurahia maisha ya huko.

Kilichomgusa zaidi kilikuja mwaka 1889, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris. Aliwasikia wanamuziki wa gamelani kutoka Java: gongo kubwa linahesabu mzunguko, na juu yake vyombo vidogo vya shaba vinakwenda kwa kasi zaidi, kila kimoja na njia yake. Mwaka 1913 bado alikuwa akiandika kwamba ufundi wa Wajava wa kusuka sauti unaufanya ule wa Palestrina, mtunzi mashuhuri wa Italia wa karne ya 16, uonekane mchezo wa watoto. Nampenda kwa hilo. Alitoka katika chuo kilichojiona kitovu cha muziki wa dunia, na bado alikubali kujifunza kwa wageni.

Wanakwaya mliopo mnaijua ngazi ya do re mi. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hatua ni nusu, na nusu hizo ndizo zinazotuonyesha njia: ukiimba ti, sikio linaidai do. Debussy mara nyingine alitumia ngazi ya noti sita ambazo hatua zake zote ni sawa. Nusu zikiondoka, mvuto unakwisha, na sikio halijui tena lirudi wapi. Sikilizeni Voiles, katika kitabu cha kwanza cha priludi zake, yaani vipande vifupi vya piano, cha mwaka 1910. Karibu yote imejengwa hivyo. Na majina ya priludi hizo aliyaandika mwishoni, chini ya noti za mwisho. Naamini alitaka tusikie kwanza, jina lije baadaye.

Maisha yake ya nyumbani siyapambi. Mwaka 1904 alimwacha mkewe, Lilly Texier, kwa ajili ya Emma Bardac. Lilly alijipiga risasi, akapona, na marafiki wengi wa Debussy wakamkimbia. Alimtendea vibaya, na uzuri wa muziki haulifuti hilo. Oktoba 1905, mwezi uleule kazi yake ya okestra La mer, yaani Bahari, ilipopigwa kwa mara ya kwanza, Emma alimzalia binti, Chouchou, ambaye baadaye alimtungia Children's Corner.

Vita na saratani vilimkuta pamoja. Alipanga sonata sita, kazi za ala chache, akamaliza tatu. Alifariki tarehe 25 Machi 1918, mizinga ya Wajerumani ikiipiga Paris. Chouchou alimfuata mwaka uliofuata, akiwa na miaka 13.

Sasa tusikilize sehemu ya kwanza ya La mer, kazi aliyoianza akiwa Burgundy, mbali kabisa na bahari. Baada ya dakika chache mtasikia selo zikiingia, zimegawanywa makundi manne. Debussy aliagiza ziwe 16. Okestra nyingi huzipunguza; katika rekodi hii angalieni kama mnazikosa. Kisha karibuni kwa maswali.