Bannockburn 1314: ushujaa peke yake haujibu hii hesabu

Jamani, kila nikizungumzia vita vya Bannockburn, Waskoti na Waingereza, lazima mtu aulize lile shoka, haya tulimalize mapema. Tarehe 23 Juni 1314 Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, yuko mbele ya jeshi lake, kapanda kifarasi kidogo tu, shoka mkononi. Kijana wa Kiingereza, Henry de Bohun, kavaa vyuma, akamtambua, akaona leo ndo leo, nikimuua huyu vita imeisha, akamjia mbio na mkuki. Bruce katulia wee, jamaa alipofika akamkwepa, akasimama kwenye vikuku vya farasi akampasua kichwa na helmeti yake. Makamanda wakamgombeza, mfalme mzima unachezea roho hivyo! Yeye analalamika tu mpini wa shoka lake zuri umevunjika.

Sawa, mmecheka. Shoka lile liliua wangapi? Mmoja! Na Waskoti walikuwa kama 6,000 au 7,000 hivi, Edward wa Pili, mfalme wa Uingereza, kaja na watu mara mbili au zaidi. Jibu liko ardhini. Edward alikimbizana na tarehe, maana kamanda wake wa ngome ya Stirling, Philip Mowbray, alishakubali kwamba msaada usipofika kufikia tarehe 24 Juni anaikabidhi. Mwenye haraka hachagui pa kulala. Usiku jeshi likavuka kijito cha Bannock likalala topeni, huku kijito, kule mto Forth. Asubuhi Waskoti hao wanakuja kwa miguu, mikuki imewachomoza kama nungunungu, na wale wengi wakakosa hata pa kugeuzia farasi. Ukiwa na maelfu nyuma wasioweza kufika mbele, we una watu wangapi? Wa mbele tu!

Mtasema si Waingereza walikuwa na wapiga mishale? Walikuwa nao, tena hatari, ila Robert Keith akawatawanya na wapanda farasi wake wachache. Na Gloucester, lodi wa Kiingereza aliyeshauri watu wapumzike kwanza, mfalme akamwita mwoga na msaliti, basi kwa hasira akajitosa mbele akafa. Hilo nalo lina mhadhara wake, sio leo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, haya haraka. Edward akakimbilia ngome ileile aliyokuja kuiokoa, Mowbray akamkatalia kuingia, akatoroka hadi Dunbar akapanda meli. Na Humphrey de Bohun, ndugu wa yule kijana wa shoka, akakamatwa, Bruce akambadilisha na mkewe Elizabeth aliyekuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1306, pamoja na Marjorie, binti wa Bruce. Hapo ndo utajua nani alipiga hesabu.