Jora la Marekani: Siku Moja Mjini Salem

(Mhadhara uliotolewa Unguja kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma mwaka mmoja Marekani)

Asalaam aleikum, wanangu. Nimepewa nusu saa, na mwalimu wenu ameshaivua saa yake na kuiweka mezani, kwa hiyo salamu ndefu tuziache.

Mambo ya baridi, chakula na familia mwenyeji mtaambiwa na wengine. Mimi nataka kusema juu ya siku moja tu: siku ya matembezi. Kila mwanafunzi wa kubadilishana hupelekwa mji wa kale, hupiga picha sitini, akarudi hajaona kitu. Mimi nusura nirudi hivyo hivyo.

Tulikuwa kumi na wanne, wa nchi tisa. Tulipanda treni Boston, kituo cha North Station, na baada ya nusu saa hivi tukashuka Salem, mji wa jimbo la Massachusetts. Ilikuwa Oktoba. Mwezi huo Salem kila mtu huvaa kofia nyeusi yenye ncha, mtoto, babu, mpaka mbwa. Mchawi ndiye nembo ya mji, kachorwa hata ubavuni mwa magari ya polisi. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Wallahi, huku uchawi unauzwa mchana kweupe." Na huyo anayeshangaa ni Mpemba!

Kisa chenyewe si cha kuchekesha. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mzee Giles Corey, aliyepita miaka 80, alilundikiwa mawe kifuani hadi akafa, kwa kuwa alikataa kukubali kuhukumiwa. Hakuna aliyechomwa moto, ingawa wengi wetu tulikwenda tukiamini hivyo. Kando ya makaburi ya kale kuna kumbukumbu iliyojengwa 1992: ukuta mfupi wa mawe, na kila marehemu ana kibao chake cha jiwe kilichochomoza ukutani, chenye jina, tarehe na namna alivyouawa. Pale mlangoni, chini, yamechongwa maneno ya washtakiwa wakijitetea, na ukuta umepita juu yake ukayakata katikati. Unasoma "sina hatia", kisha jiwe. Nilisimama pale muda mrefu. Sisi tunaotoka nchi ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni tu, hatuna la kuwacheka.

Mchana tukaachiwa saa mbili. Wenzangu wakaenda kutazama masanamu ya wachawi, kwa tiketi. Mimi viatu vilikuwa vinanibana, na mtu wa kisiwani akichoka hutafuta bahari. Nikateremka mpaka Derby Wharf, gati refu linaloingia majini karibu nusu maili. Halina kitu siku hizi: majani, njia ya changarawe, na kimnara cha taa kule mwisho. Linalikabili jengo la forodha la mwaka 1819, lenye sanamu ya tai aliyepakwa dhahabu juu ya paa. Nikasema moyoni, hawa nao wana Forodhani yao.

Sikujua nilichokuwa nakisema. Nilikuja kukijua ndani ya makumbusho ya mji, Peabody Essex, nilipokutana na picha ya mtu wa kwetu, kilemba kichwani, ananitazama. Ahmad bin Na'aman, katibu wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Mwaka 1840 alitia nanga New York na jahazi la *Sultana*, limesheheni pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi, pamoja na farasi wawili wa zawadi kwa rais. Alichorwa huko huko New York. Mimi nimesoma hapa Unguja hadi kidato cha nne, sikumsikia hata siku moja. Nilikwenda kujulishwa naye Massachusetts.

Basi sikilizeni. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini 1833, ushuru asilimia tano. Mwaka 1837 Marekani wakaweka balozi mdogo hapa Unguja, na mtu waliyemleta alikuwa mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters. Shajara yake ina uchungu wa mtu aliyeona watumwa wakiuzwa. Biashara yake ya bidhaa aliendelea nayo. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba, kizito, hakijatiwa rangi, na pwani nzima ikakiita marekani. Bara, mpaka Tabora na Ujiji, jora la marekani lilikuwa fedha.

Fuateni uzi wake. Pamba ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani Massachusetts, ikashushwa hapa mbele ya bahari, ikabebwa vichwani na wapagazi, ikanunua pembe. Pembe zikarudi kule kule, Connecticut, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kubandikwa kwenye piano. Na sandarusi, ule utomvu uliochimbwa ardhini kule Mrima, ilioshewa Salem kwenye kiwanda karibu na maji. Ukiuondolea uchafu wa juu, hubaki na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kisha ikawa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi.

Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikaadimika, na Waingereza na Wahindi wakaingia na vitambaa vyao. Merikebu zikaacha kuja. Jina likabaki.

Nilichelewa treni, nikagombezwa, na nilistahili. Usiku nikampigia bibi simu, nikamuuliza zamani marekani alikuwa akiifanyia nini.

"Foronya," akasema. "Na tanga la ngalawa ya babu yako. Kwani huko ipo? Niletee dhiraa nne."

Nikamwambia bibi, nimepita maduka yao yote. Zipo kofia za wachawi tu.