TV ya mama mdogo imedondoka: ukuta wako ni wa nini?

DADA: Haya wapendwa tumerudi, tupo hapahapa Bagamoyo, feni inapuliza joto tupu. Leo nna hasira kwakweli, jumapili TV ya mama mdogo inchi 43 imedondoka puu! Breketi, kile chuma cha kushikia TV ukutani, imebaki inaning'inia na skrubu moja.

FUNDI: Loh, pole dada'angu. Nyumba ipi, ile ya Mji Mkongwe?

DADA: Ndo hiyo. Kijana alikuja na hama drili, ile inayotoboa huku inagonga, dakika tano kamaliza, kachukua hela yake huyooo.

FUNDI: Hizo dakika tano ndo zimeiangusha. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, sio tofali. Tumbawe lina vitundu kama mkate wa kumimina, ukilipiga hama linasagika kwa ndani, umetoboa milimita 8 unakuta tundu limeshakua 12 na rolplagi, kile kiplastiki cha kushikia skrubu tunduni, inazunguka tu. Pale unazima hama, unatoboa kwa mzunguko wa kawaida taratibuuu, unapuliza vumbi lote litoke, afu unaingiza kale kamfuko ka plastiki kenye matundu kama chujio na ile gundi ya kemikali ya kufungia bolti, unaiacha ikauke kabisa kabla hujaning'iniza kitu.

DADA: Sasa mtu atajuaje, si kuta zote zimepakwa rangi?

FUNDI: Vumbi dada. Toboa katundu pale TV itakapoficha. Likitoka la kijivu ni simenti, jekundu tofali la kuchoma, jeupe hilo ni chokaa au jipsamu, sasa gonga kwa ngumi, ikilia kama ngoma basi ni jipsamu. Na plasta isikudanganye, inaweza kuwa sentimita mbili na haibebi kitu, rolplagi lazima izame mpaka kwenye tofali lenyewe. Mi nafunga kipande cha selotepu kwenye biti, ile ncha ya drili inayotoboa, nijue kina kimefika.

DADA: Tofali la simenti si rahisi?

FUNDI: Hilo raha tu, hama ruksa. Ila usitoboe ukutani palipo wima juu ya soketi, waya mara nyingi ndo unapita hapo, utarushwa ukutane na babu zako.

DADA: Wee! Na wa udongo na fito?

FUNDI: Huo weka TV juu ya kabati. Usibishane nao.

DADA: (anacheka) Kuna zile breketi za mkono, unaivuta TV unaigeuza huku na huku, mama mdogo alikua nayo hiyo.

FUNDI: Aah, kumbe! Ile ukiivuta mbele skrubu za juu zinavutwa kuliko uzito wa TV wenyewe, ni kama kushika ndoo ya maji mkono umeunyoosha, jaribu uone utaishika dakika ngapi. Kwenye tumbawe weka ya bapa inayolala ukutani. Na skrubu chukua za stenlesi, kwa hii hewa ya chumvi zile za kawaida zinaota kutu kimyakimya nyuma ya TV na wala huoni. Afu ukishafunga breketi ining'inie kwanza wewe kwa mikono, ikicheza hata kidogo TV haipandi.

DADA: Mi kwangu sebuleni ni jipsamu, ule ukuta wenye mataa ya rangirangi...

FUNDI: Bodi ile milimita 9 au 12 dada! Chukua sumaku, ipitishe ukutani, itanasa kwenye vichwa vya skrubu, hapo nyuma ndo kuna fremu, breketi ishike fremu. Kama nyuma kuna tofali basi bolti ndefu zipite mpaka huko. Yako imeshika wapi?

DADA: ...Imeshika kwenye bodi nadhani.

FUNDI: Muda gani ipo hapo?

DADA: Mwaka wa pili huu.

FUNDI: Ukifika nyumbani ishushe. Na usiishushe peke yako.

DADA: Saa mbili tamthilia yangu fundi!

FUNDI: Utaitazama ikiwa mezani.