Mwenye simu hapokei

NEEMA: Karibuni tena kutoka Dodoma. Mazengo leo kaja na karatasi, sura imekunjana kuliko hiyo karatasi.

MAZENGO: Orodha ya michango ya harusi ya binamu yangu, pale Nkuhungu. Kijana katutengenezea programu. Tunachapisha, zaidi ya nusu ya watu wana simu moja: 2147483647. Baba mdogo, mchungaji, mpaka mpishi!

NEEMA: Mmeipiga?

MAZENGO: Mama mkubwa kaipiga. Anasema mwenyewe ana dharau, hapokei.

NEEMA: (anacheka) Atapokeaje! Walioanza na 07 wamepona, sifuri tu imedondoka. Walioanza na 255 wana tarakimu 12, wamezidi nafasi. Kompyuta huandika namba kwa biti, yaani vijisehemu vya 0 au 1, na nafasi ya biti 32 inayobeba chanya na hasi inaishia hapo hapo kwenye 2147483647. Hifadhidata nyingine, yaani programu za kutunza orodha, ukiizidishia, inakuandikia ile kubwa ya mwisho.

MAZENGO: Kwa hiyo mchungaji ndiye kikomo.

NEEMA: Na si kikomo cha ovyo. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe! Euler, mwanahisabati, alithibitisha mwaka 1772, kwa kalamu. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, kwa hiyo inatosha kujaribu tasa zilizo chini ya hapo; halafu akaonyesha kwamba kigawo chake chochote ambacho ni tasa, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zingine zote akaziruka.

MAZENGO: Kumbe mama mkubwa alikuwa anampigia mtu mzito.

NEEMA: Izidishe kwa 2 kwa kipeo cha 30, unapata namba kamilifu: 2,305,843,008,139,952,128. Jumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, inarudi ile ile. Barlow, mwanahisabati Mwingereza, mwaka 1811 aliandika kwamba hakuna atakayepata kamilifu kubwa zaidi, kwa sababu hazina kazi.

MAZENGO: Huyo naye alipiga, hakupokelewa.

NEEMA: Mazengo!

MAZENGO: Lakini kosa ni la kijana. Namba ya simu si namba. Yangu na yako tukizijumlisha, tunampata nani?

NEEMA: Isingekuwa namba, isingezidi nafasi.

MAZENGO: Imezidi kwa sababu kailazimisha. Ni maandishi yale, kama jina.

NEEMA: Nyumba namba 12 nayo hujumlishi, lakini iko baada ya 11.

MAZENGO: Simu yangu haiko baada ya yako!

NEEMA: Ipange, itakuwa.

MAZENGO: Nipange ili iweje? Hapana dada, hapo sikufuati.

NEEMA: Wala mimi sikufuati wewe.

MAZENGO: Basi. Fundi mitambo anaonyesha saa, kipindi kinaisha.

NEEMA: Nilikuwa na mambo matatu ya kufundisha! Hata 2038 sijaigusa. Tarehe 19 Januari, saa 12 na dakika 14 asubuhi, kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti hizo hizo 32 zitafika kikomo hicho hicho, halafu...

MAZENGO: ...mama mkubwa atapokelewa. Wiki ijayo tuna mkulima wa zabibu kutoka Hombolo. Michango bado inapokelewa, jamani, andikeni kwa 07.